Mtu wa Usalama

Kosa lilikuwa la herufi moja, na aliyelifanya ni mchoraji wa mabango ambaye hadi leo hajarudi kulirekebisha. Aliagizwa aandike juu ya milango miwili ya wodi ya wagonjwa wa kutengwa: huu CHUMBA CHA KUVAA, ule CHUMBA CHA KUVUA. Yeye akaandika KUVAA kwenye yote miwili, kwa herufi nzuri za bluu zenye kivuli, akakunja ngazi yake, akaenda zake.

Utasema herufi moja ni nini. Basi sikiliza. Ndani ya wodi ile wamelala watu wa kifua kikuu sugu, na hakuna anayewaingilia na koti jeupe tu. Unavaa gauni la plastiki, kofia, glovu, miwani mikubwa, na barakoa ngumu inayokubana mpaka pua inabaki na alama ya siku nzima. Vyote hivyo unavivaa katika chumba kisafi. Ukitoka unavivulia chumba kingine, maana kila alichokohoa mgonjwa kimekuganda kwa nje. Asubuhi ile ya kwanza daktari mmoja alitoka, akasoma KUVAA, akageuka; akasoma mlango wa pili, KUVAA; akabaki katikati ya korido mikono juu, hajui aende wapi. Matroni akapandwa na jazba. Akatazama huku na huku, macho yakamwangukia mama wa usafi aliyekuwa anapiga deki.

"Wewe, njoo usimame hapa. Kila anayetoka mwambie avue. Siku mbili tu, mpaka mchoraji arudi."

Siku mbili hizo sasa zina miaka mitatu. Mama wa usafi akawa Mama Vua, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Walimpeleka mafunzo ya wiki nzima pamoja na wauguzi, akawapita wote kwenye mtihani wa mwisho, kisha wakamwingiza kwenye Kamati ya Usalama Kazini na kumpa beji. Akawa anasimama nyuma ya mstari mwekundu, naye amevaa barakoa yake na miwani yake, akiwaimbisha watu hatua moja moja.

Na sauti, jamani, anayo. Alizaliwa nayo. "Glovu, vua! Mikono! Gauni, fungua nyuma, ligeuze ndani liwe nje, tupa! Mikono! Miwani, shika kamba, mbele usiguse! Mikono! Haya, toka mlango wa nje, geukia ukutani. Barakoa, kamba ya chini kwanza! Ya juu! Usiiguse mbele, nimesema! Mikono tena!" Wagonjwa walioanza kupona walikuwa wakiitikia kutoka vitandani. Mgeni akipita nje na kusikia mwanamke anafoka "Vua! Vua vizuri!" na wanaume wazima wanajibu "Ndiyo, mama," alikuwa anaongeza mwendo. Mwenyewe alikuwa akicheka mpaka miwani inaingia ukungu. "Niambieni," alikuwa akiwauliza wauguzi, "ni kazi gani nyingine mke wa mtu anaamuru madaktari wavue tangu asubuhi, na mumewe anamfungia chakula cha mchana?"

Kwa kuwa barakoa huvuliwa mtu akiwa ameelekea ukutani, Mama Vua hakuzijua sura za watu wa wodi ile. Alijua visogo. Alijua kisogo cha daktari mkuu, chembamba na chenye haya, na cha muuguzi wa zamu ya asubuhi, kilichonyolewa vizuri kuliko vyote. Kwenye mkutano wa wafanyakazi wote alikuwa anakaa nyuma kabisa, ndipo aone amekaa na akina nani.

Nyumbani hali haikuwa tofauti sana. Mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, alikuwa amezoea kupokelewa na "Mikono!" kabla ya "Karibu." Hakulalamika hata siku moja. Binti yao ndiye aliyekuwa na mzigo moyoni. Alikuwa karani katika ofisi yenye zulia, umri wake umepita thelathini, na mchumba aliyetangulia alikuja chakula cha mchana mara moja tu. Siku ile Mama Vua alimnawisha mara mbili, akamwambia anakohoa vibaya, akamwonyesha jinsi ya kukoholea kiwiko, akamrudisha mezani akarudie kukohoa ili ajue kama ameelewa. Kijana wa watu alielewa, tena sana. Hakuonekana tena.

Sasa alikuwa amepatikana mwingine, fundi wa majokofu, mpole, mwenye kucheka taratibu, na binti alimpenda mpaka mtu ukimtazama unaona haya wewe. Jumatatu jioni aliingia jikoni, akasimama nyuma ya mama yake.

"Mama, Jumamosi wanakuja. Yeye na wazazi wake. Wanakuja kuleta neno."

Mama Vua alitupa mwiko, akampiga binti mabusu, akamzungusha jiko zima, akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza ukutani kuna nini.

"Ndizo kelele zenyewe hizo, mama!" binti alisema, nusu anacheka, nusu machozi. "Nakuomba kitu kimoja tu. Jumamosi usipaze sauti. Siku moja tu. Huyu akikimbia na yeye, mimi sitaanza tena upya. Nakuambia kweli."

Mama Vua aliacha kuzunguka. Alimtazama mwanawe, akaona hatanii, akamshika mashavu. "Nitanong'ona," alisema. "Nitanong'ona mpaka wadhani nimezaliwa hivyo. Baba yake anafanya kazi gani?"

"Anapiga picha."

"Mpiga picha! Basi na ya harusi atatupigia yeye."

Binti naye alikuwa ameambiwa hivyo tu, hakuuliza ni picha gani, kwa sababu na yeye alikuwa na lake la kuficha. Ukweni walipomuuliza mama anafanya kazi wapi, aliona deki, aliona ndoo, aliona ukuta wenye herufi za bluu, akajibu, "Mama yuko kwenye usalama." Uongo haukuwepo hapo, beji ilikuwa inasema hivyo hivyo. Lakini neno usalama lina hila zake. Hospitalini ukilitaja, watu wanafikiria glovu na sabuni. Ukilitaja sebuleni kwa watu, wanafikiria mwanaume wa miwani myeusi anayeshinda ndani ya gari akiandika nani kaingia na nani katoka. Wazazi wa kijana walitazamana, wakashusha sauti, na tangu siku hiyo wakawa wanafunga mapazia wakitaka kusema jambo lolote.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, Mama Vua aliharibu. Fundi wa eksirei alikuja na mashine yake ya magurudumu kupiga picha vifua vya wagonjwa. Huyu bwana alikuwa anakuja mara mbili kwa wiki na alikuwa na haraka za ajabu, hata wauguzi walimwita Mzee Mbio. Kisogo chake kilikuwa na mikunjo mitatu na chunjua jeusi kama punje ya maharage, katikati kabisa ya mkunjo wa pili. Siku hiyo alitoka jasho linamtiririka, akavua glovu moja, na kwa ile iliyobaki akasukuma miwani yake ikae vizuri.

"Simama!" Mama Vua alifoka, na korido nzima ikasimama. "Glovu chafu kwenye miwani? Nani alikufundisha kuvua, baba? Anza upya!"

Alianza upya. Akashika gauni kwa mbele. "Upya!" Akasahau mikono. "Upya! Mtoto wa chekechea anajua kuvua kuliko wewe!" Wauguzi wawili walikuwa wamejishikilia ukutani kwa kicheko. Mzee Mbio alimaliza safari ya tatu bila kosa, akatoka mlango wa nje, akavua barakoa akielekea ukuta, akanawa, na bila kugeuka akasema, "Iko siku nitakujua sura, mama." Akasukuma mashine yake akapotea.

Mama Vua alicheka na wauguzi mpaka saa ya kutoka. Hakuna kilichomsumbua.

Jumamosi mchana nyumba ilikuwa inang'aa. Fundi cherehani alikuwa ameshona vitambaa vipya vya viti. Binti alikuwa amebadilisha gauni mara nne. Saa tisa kamili wageni walibisha, wakaingia: kijana na tai yake na shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata, mama yake, mwanamke mfupi aliyekumbatia mkoba, na baba yake, mzee mwenye sura nzuri ya upole ambayo Mama Vua hakuwahi kuiona popote.

"Shikamoo mama," kijana alisema.

"Marahaba mwanangu, karibu," Mama Vua alijibu kwa sauti ya kawaida, na kwake ya kawaida ni ile inayovuka uzio. Kwa bahati jirani alikuwa anakatakata mbao, ikamezwa. Kisha yule mzee akageuka kutundika kofia yake kwenye msumari, na pale, sebuleni kwake, mbele ya macho yake, mikunjo mitatu ikamtazama, na chunjua katikati ya wa pili.

Mzee Mbio! Alikwenda jikoni akajifungia, akaegemea mlango. Kwanza aliogopa. Kisha alikumbuka "mtoto wa chekechea" na kicheko kikampanda kutoka tumboni, ikabidi ajizibe mdomo kwa kitambaa cha sahani. Kisha aliogopa tena, maana alimkumbuka binti na gauni zake nne. Yule mzee hajui sura yangu, alijiambia, anajua sauti. Basi sauti hataipata.

Aliporudi na birika la chai, alikuwa ananong'ona. "Karibuni sana," alisema, kwa sauti ya mtu anayepita kwenye chumba cha mtoto aliyelala.

Mumewe aliinua kichwa kama aliyesikia mzinga. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, na hakuwahi kujua kwamba mkewe anayo sauti hiyo. Binti alimtazama mama yake kwa mapenzi makubwa.

Kwa wageni hali ilikuwa nyingine. Walikuja wakijua wanakwenda kwa mtu wa usalama, na mtu wa usalama ndiye huyo, anaongea chinichini na macho yake yanaruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

"Mmekuja kwa njia gani?" alinong'ona Mama Vua, akitaka tu mazungumzo.

"Barabara kubwa, mama," baba wa kijana alijibu haraka. "Moja kwa moja. Hatukupita kwingine kokote."

"Na mna muda mrefu mtaa ule mnaokaa?"

Mama wa kijana alifungua mkoba, akatoa kitambulisho chake, akakiweka mezani kando ya sahani ya karanga. Hakuna aliyemwomba. Mama Vua alikitazama, akaona pengine ndivyo wanavyofanya kwao, akamnong'oneza mumewe alete na chake. Fundi cherehani alileta. Vitambulisho vikakaa viwili mezani, na hakuna aliyejua vimekaa kwa ajili gani.

"Na wewe kijana," alinong'ona, akiinama mbele kwa upendo, "kazi inaendaje?"

Kijana alikauka. "Inaenda mama. Majokofu tu. Ila... mwaka juzi nilipita taa nyekundu kwa pikipiki. Mara moja. Sijarudia."

"Ni vizuri kusema," alinong'ona Mama Vua, asijue aseme nini kingine, na jasho likawatoka wote watatu.

Ndipo mama wa kijana, akipokea kikombe huku anamtazama mwenye nyumba, akakimwaga. Chai ilitapakaa sakafuni. Mumewe aliruka, afadhali kupata kitu cha kufanya kuliko kukaa pale akitazamwa. Aliona kitambaa cha kupigia deki mlangoni, akakikamata, akapiga magoti, akafuta sakafu, akakikamua kibarazani kwa mikono yake miwili, akarudi. Tone la jasho likamwingia jichoni. Akauinua mkono ule ule, vidole vyote vitano, kwenda kulifikicha.

Mtu anaweza kujizuia mambo mengi. Anaweza kujizuia kucheka, anaweza kujizuia hata kulia. Lakini miaka mitatu ya kusimama kwenye mstari mwekundu ilimtoka Mama Vua kabla hajajua kwamba amefungua mdomo.

"MIKONO! USIGUSE USO!"

Vikombe vililia kwenye visahani. Jirani aliacha mbao. Na yule mzee, katikati ya sebule ya watu, mbele ya mkewe na mwanawe na wakwe watarajiwa, akaganda papo hapo mikono imenyooka mbele mbali na mwili, akasema kwa utii mkubwa, "Samahani mama. Naanza upya."

Binti alifumba macho. Mzee aliitazama mikono yake, akamtazama mwenye nyumba, akaitazama tena mikono.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi," alisema Mama Vua kwa sauti yake yote, maana hakukuwa na haja tena ya ile nyingine. "Nisamehe kwa ya jana, baba. Chekechea ilinitoka tu. Lakini miwani uligusa."

"Nani huyu?" mkewe aliuliza, ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Baba watoto, unamjua huyu wa usalama?"

"Usalama wa wapi! Huyu ni yule mama wa mlangoni. Wodini. Mama Vua."

Mwanamke mfupi aliinuka. Mama Vua akajua yamekwisha, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuona cha kuchekesha hata kidogo. Alimwona mwanawe amekaa na macho yamefumbwa, mikono mapajani, anasubiri wageni waage. Akatamani angezaliwa bubu.

Mwanamke hakuelekea mlangoni. Alizunguka meza, akaja akasimama mbele yake, kichwa chake kikimfika begani.

"Huko alikokuwa anafanya kazi zamani," alisema, "hapakuwa na mtu mlangoni. Kila mmoja alikuwa anavua anavyojua. Akaupata ule ugonjwa. Miezi minane, mama. Nilikuwa namwekea sahani dirishani. Huyu kijana alikuwa anazungumza na baba yake kwa kupiga ukuta. Alipopona akasema anarudi kazini, nikamwambia ukirudi mimi naondoka. Akarudi. Mimi sikuondoka, ila nilimpa sharti. Kila siku akitoka kwenye wodi hiyo, kabla sijamfungulia mlango, namuuliza swali moja tu. Namuuliza, leo yule mama wa mlangoni alikuwepo? Akisema alikuwepo, nafungua."

"Ananiuliza kabla ya salamu," mzee alisema, bado mikono imenyooka.

"Miaka miwili nauliza hivyo. Sijui jina lako, sijui sura yako. Siku moja alisema hukuwepo, umechukua ruhusa. Nilimfungulia, nikaenda jikoni, nikalia." Akamshika Mama Vua mikono yote miwili. "Kumbe nyumba yako ndiyo hii tuliyoketi."

Mama Vua alilia hapo hapo waziwazi, na akiwa analia akaanza kucheka, maana baba mtu alikuwa bado amesimama kama anayepimwa koti, na fundi cherehani, ambaye hakuwa amesema kitu tangu saa tisa, alimletea beseni na sabuni na kumwambia taratibu, "Nawa mzee mwenzangu. Hapa utazoea."

Hapo sebule ikapasuka. Kijana alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Mama yake alicheka akiwa amemshika Mama Vua kiuno. Ilipoelezwa habari ya mtu wa usalama, na kitambulisho, na taa nyekundu, walianza upya, na jirani aliyekuja kuuliza kama kuna msiba alikaribishwa chai.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Binti alisimama kando ya mlango wa jikoni, uso umemwiva.

"Mimi ndiye niliyesema usalama," alisema. "Mama yangu ni mtu wa usafi. Alikuwa anapiga deki, wakamsimamisha mlangoni. Niliona aibu kuwaambia." Akawatazama wazazi wa kijana, kisha mama yake, na huko hakuweza kutazama kwa muda mrefu. "Nilikuomba usipaze sauti. Nisamehe mama. Sikujua kuna watu wanasubiri kuisikia."

"Njoo hapa," alisema Mama Vua.

Lakini mama wa kijana alimfikia kwanza. Neno lilikuwa la mumewe kulisema, alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima nyuma ya mapazia, na yeye alikuwa bado ana sabuni mpaka viwikoni. Mwanamke hakumngoja. Alimshika binti kidevu.

"Tumekuja kukuomba uwe mwanetu," alisema. "Nilikuwa nimekuja kwa woga. Sasa naomba kwa ubishi, siondoki bila jibu. Unasemaje?"

Binti alimtazama kijana wake pale chini alipoteleza, tai imemfika begani. Alimtazama mama yake, macho mekundu, kilemba kimemwendea upande.

"Nimekubali," alisema.

"Hatujasikia!" alisema mzee kutoka kwenye beseni.

Binti akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akafungua mdomo, na ikatoka sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba amerithi, ikavuka uzio, ikavuka nyumba ya jirani, ikafika barabarani watu wakageuka.

"NIMEKUBALI!"